Sanda Mbili za Bibi Safiyya



Ndugu msomaji, katika mwezi wa Shawwal wa mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625 wa Miladi, vita vya Uhud vilipokwisha, Waislamu wapatao 70 walikuwa wamelala chini ya jabali lile, wamekufa mashahidi. Miongoni mwao alikuwamo Bwana Hamza bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume. Makureshi hawakutosheka na kumwua. Waliuharibu na mwili wake. Waislamu walipokuwa wakitafuta maiti wao, akaonekana mwanamke anakuja mbio kutoka upande wa Madina. Alikuwa Bibi Safiyya binti Abdulmuttalib, dada yake Hamza kwa baba na mama, na shangazi yake Mtume.

Mtume (S.A.W.) alipomwona alichukia asije akayaona yale. Akamwamrisha Zubeir bin Awwam, naye ni mtoto wa bibi huyo, amrudishe mama yake. Zubeir akamkimbilia. Bibi Safiyya hakuwa mwanamke wa kuzuiwa ovyo. Imepokewa kwamba alimpiga mwanawe kifuani amwondokee njiani, na hakusimama mpaka alipoambiwa kuwa amri hii imetoka kwa Mtume mwenyewe. Hapo akasema kwamba habari zimekwisha kumfikia, anajua nduguye amefanywa nini, na hayo ni madogo katika njia ya Mwenyezi Mungu, naye atasubiri. Kisha akatoa nguo mbili alizokuja nazo, sanda za kumkafini Hamza. Mtume alipopewa jawabu lake akasema aachwe apite. Akaenda, akamtazama nduguye, akamwombea.

Ubavuni pa Hamza alikuwapo maiti mwingine, Ansari, naye ameharibiwa vivyo hivyo wala hana sanda. Waislamu wakaona haya kumkafini Hamza kwa nguo mbili na yule asiwe na hata moja. Wakapiga kura, kila mmoja akapata yake.

Kisa hiki vyuoni tunakisomesha kama kisa cha subira, nacho ni cha subira kweli. Lakini kina jambo jingine ambalo aghalabu tunalipita mbio. Bibi Safiyya hakufichwa habari. Alijua. Alichozuiwa kwanza ni kuona. Kwa hiyo kujua ni jambo moja na kuona ni jambo jingine, na kuona kuna uzito wake unaohitaji ruhusa. Ruhusa ilipotoka, ilitoka kwa mtu ambaye moyo wake umejulikana ulivyo, na ambaye mkononi ana kazi ya kumfanyia maiti.

Basi hebu twende mbele zaidi ya miaka mitatu, mpaka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628. Safiyya wa huko ni mwingine, binti Huyay, ambaye baadaye alikuwa Mama wa Waumini. Ngome ya Qamus ilipotekwa, Bilal (R.A.) aliwaleta yeye na mwanamke mwenziwe, akawapitisha mbele ya maiti wa jamaa zao waliouawa. Yule mwenziwe akapiga ukelele, akajipiga uso, akajimwagia mchanga kichwani. Mtume (S.A.W.) akamkemea Bilal, akamwuliza kama rehema imeng'olewa moyoni mwake hata akawapitisha wanawake wawili mbele ya maiti wa watu wao. Haya ameyasimulia Ibn Is'haq katika Sira yake. Nawe angalia: wanawake wale walikuwa wa upande wa adui, na vita ndiyo kwanza vimekwisha. Juu ya hayo macho yao yalikuwa na haki.

Sisi watu wa mwambao tulikuwa tukiijua haki hii bila ya kuhutubiwa. Maiti wetu huoshwa nyuma ya pazia, na waoshaji ni wachache wanaojulikana. Fiqhi imemwamrisha mwosha maiti asitiri aibu aliyoiona, naye hutoka pale akanyamaza. Nani kati yetu amepata kumwona mwosha maiti akizunguka barazani akisimulia jeraha lilikuwaje? Angefanya hivyo mara moja tu, mtaa mzima usingemwita tena.

Leo jeraha hilo linazunguka mfukoni mwa kila mtu. Ajali ya basi haijaondolewa barabarani, picha za waliokufa zimekwisha kuingia katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na mama mzazi wa marehemu yumo humo humo kikundini. Wazazi huja chuoni kunieleza habari za watoto wasiolala, wanaoshtuka usiku, na mara nyingi ukiuliza vizuri utakuta mtoto ameonyeshwa kitu katika simu, pengine na mtu mzima wa nyumbani mwake, kwa nia njema kabisa, ili apate mazingatio.

Ulamaa wetu waliyazungumza haya zamani sana. Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, kiasi cha mwaka 850, akafa mwaka 934. Alisoma Baghdad kwa mwanafalsafa al-Kindi, na wanajiografia wanamjua kwa ramani zake. Lakini aliandika na kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, nacho kilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya huko Istanbul, mpaka nakala yake ikachapishwa Frankfurt mwaka 1984. Msudani marehemu Malik Badri, bingwa wa elimu ya nafsi, ndiye aliyeifasiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza na kuitangaza duniani.

Balkhi aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na miili peke yake. Alisema nafsi nayo ina siha na maradhi, na kwamba mtu huweza kukaa muda mrefu mwili wake usiugue, lakini hasira, hofu, huzuni na wasiwasi humjia karibu kila siku. (Neno letu hili "wasiwasi" ndilo lile lile la kitabu chake.) Akapiga mfano kwa mwili. Kama mwili unavyohifadhiwa na baridi na joto la nje, nafsi nayo huhifadhiwa na vitu vya nje, navyo ni vile vinavyopita masikioni na machoni vikaitia hofu, hasira au majonzi. Kisha kuna hifadhi ya ndani. Mtu ajiwekee akiba ya fikra za kumtuliza wakati moyo wake umetulia, ili aikute siku ya dhiki, kama mwenye nyumba anavyoweka dawa kabla hajaugua. Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya simu, mtu huyu alikwisha kuhesabu kutazama kuwa ni mlango wa maradhi.

Je, mlango huo ulifunguka vipi kwa zama zetu? Historia yake ni fupi, wala haina ajabu kubwa. Facebook ilianza mwaka 2004, YouTube 2005, Twitter 2006, WhatsApp 2009. Mwaka huo wa 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kidole kikiteremsha, mengine yanakuja yenyewe; baadaye alisema hadharani kuwa anajuta. Mwaka 2009 kikaja kitufe cha kupenda. Mwaka 2016 Facebook ikamruhusu kila mtu kutangaza moja kwa moja kwa kamera ya simu yake. Biashara ya kampuni hizi ni kuuza matangazo, na tangazo huonekana kadiri mtu anavyokaa akitazama. Kinachomshtua mtu humkalisha. Mashine imepewa kazi ya kukalisha watu, nayo inaifanya.

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, mambo haya yote yalikutana mahali pamoja. Katika mji wa Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliingia katika Msikiti wa Nur wakati wa sala na bunduki, na kamera kwenye kofia yake, akitangaza moja kwa moja katika Facebook. Kisha akaenda msikiti wa Linwood. Waislamu 51 walikufa. Jina lake silitaji. Waziri Mkuu wa nchi ile, Jacinda Ardern, aliapa kutolitaja, nami naona aliona sawa.

Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, waliotazama wakati ule ule anapiga risasi hawakufika 200. Utangazaji ulichukua dakika 17, na taarifa ya kwanza ya mtu kuilalamikia video ile ilifika dakika 12 baada ya utangazaji kwisha. Ukitazama hapo utasema jambo limekwisha na wachache wameona. Lakini katika saa 24 zilizofuata Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo. Zaidi ya milioni 1.2 zilizuiliwa mlangoni, zilizobaki ziliingia kwanza ndipo zikaondolewa. Muuaji alikuwa mtu mmoja, na nakala milioni moja na nusu zilirushwa na mikono mingine. Wako waliorusha kwa chuki. Na wako Waislamu waliorusha kwa uchungu, wakiandika chini yake maneno ya kuomboleza na dua. Video haikujua tofauti yao. Aliifunga kamera ile kichwani ili tuone na tutishike, na kila nakala ilimtimizia haja yake.

New Zealand iliipiga marufuku video ile, hata kuwa nayo ikawa kosa, na mwezi wa Juni mwaka huo mtu mmoja alifungwa miezi 21 kwa kuisambaza. Lakini hawakuwaficha watu habari. Ijumaa ya pili, tarehe 22 Machi, adhana ilitangazwa katika redio na televisheni ya taifa zima, na Imamu wa Msikiti wa Nur, Sheikh Gamal Fouda, akahutubu katika uwanja unaoelekeana na msikiti mbele ya maelfu ya watu. Nchi nzima ilijua, ikalia, ikaja kuzika. Kuona mauaji hakukuhitajiwa katika hayo.

Pengine utaniambia kuwa macho ya watu wazima hayadhuriki kwa picha, kwa kuwa mtu yuko mbali na salama nyumbani kwake. Hili limepimwa. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yaliripuka katika mbio za Boston, Marekani, watu 3 wakauawa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwauliza watu zaidi ya 4,600 katika wiki zilizofuata, nao wakatoa matokeo yao mwaka 2014. Waliotazama na kufuatilia habari za mabomu yale kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki ile walikuwa na dalili kali za mshtuko kuliko watu waliokuwapo pale pale au karibu yake. Lisome tena, ndugu msomaji. Aliyekuwa na moshi puani alikuwa nafuu kuliko aliyekaa kwenye kochi.

Na kama ungali na shaka, tazama Nairobi. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, iliweka kazi ya kuchuja machafu kwa wakandarasi, na mmoja wao, Sama, aliajiri vijana jijini humo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakitazama kwa Kiswahili, Kisomali, Kiamhari na lugha nyingine. Kazi yao ilikuwa kukaa mchana kutwa mbele ya kioo wakitazama mauaji, mateso na uchafu, ili mimi na wewe tusivione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi. Mwaka 2023 wenziwe zaidi ya 180 wakafungua nyingine. Mwezi wa Desemba 2024 zikajulikana ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani. Mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwapima, akakuta zaidi ya 140 wana maradhi ya mshtuko yanayobaki nafsini baada ya maafa, na wengi wao kwa kiwango kikali. Mahakama ndiyo itakayosema nani alaumiwe, hayo si yangu. Kwangu mimi inatosha kuwa vijana wenye afya waliajiriwa kutazama tu, wakaugua. Na sisi tunafanya kazi ile ile bila ya mshahara, kitandani, kabla ya sala ya alfajiri.

Sasa naja kwenye jambo zito zaidi, ambalo najua wengine wamekwisha kulishika ulimini. Tangu Oktoba 2023 picha za Gaza zinaingia majumbani mwetu usiku na mchana. Vijana husema: "Sheikh, tukifumba macho tumewatupa ndugu zetu. Dunia inataka tusione." Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa adabu, maana limetoka katika moyo ulio hai.

Ushahidi usipotee, hili halina ubishi. Wanahabari wa Gaza wamekufa wakiukusanya. Afrika Kusini ilipoishtaki Israeli mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, mwezi wa Desemba 2023, mawakili wake walisimama Januari iliyofuata wakawaonyesha majaji picha na video. Hao ndio wenye sanda mkononi. Wanatazama kwa kuwa wana kazi ya kufanya. Mwanasheria atazame, na tabibu, na mwandishi wa habari, na mwenye kupeleka msaada kwa kadiri kazi yake inavyomlazimu. Lakini msichana wa miaka 12 hapa Lamu au Tanga aliyerushiwa mtoto aliyekatika miguu, ana sanda gani mkononi? Atakaa nayo usiku kucha, na asubuhi mtoto wa Gaza hajapata hata tone la maji kwa machozi yake. Baada ya miezi michache atafanya mojawapo ya mawili: ataugua, au ataota sugu. Na la pili, kwa maoni yangu, ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na lile Mtume alilomwuliza Bilal.

Na katika picha walizoonyeshwa majaji siku ile, moja iliyozungumzwa sana haikuwa na maiti hata mmoja. Ilikuwa picha ya ubao wa hospitali ya Al-Awda, ambao daktari alikuwa ameufuta ratiba ya upasuaji akaandika juu yake maneno machache ya kuagana. Baadaye daktari huyo aliuawa. Picha hiyo waweza kumwonyesha mtoto wako, ukakaa naye, ukamweleza.

Nyumba zetu za zamani zilikuwa na baraza nje na daka mlangoni. Mgeni alikaribishwa barazani, akanywa kahawa, akatoa habari. Si kila mgeni aliyefika ukumbini, wala si kila habari iliyofika kwa mgonjwa, kwa mja mzito au kwa watoto. Simu imeliruka daka. Kulirudisha si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. WhatsApp yenyewe, baada ya watu kuuawa na makundi huko India mwaka 2018 kwa uvumi uliorushwa, iliweka mpaka wa kurusha ujumbe kwa watu au vikundi vitano tu kwa mara moja, na mwezi wa Aprili 2020 ikaupunguza mpaka mmoja kwa ujumbe uliokwisha kurushwa sana. Kampuni ikasema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa kiasi cha 70 kwa mia. Kizingiti kidogo tu kimefanya hayo. Katika mipangilio ya simu kuna mahali pa kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe mpaka uzifungue kwa mkono wako. Mwambie kijana wako akuwekee leo, na kwenye simu ya bibi yake pia. Simu zilale ukumbini, watu walale vyumbani. Na anayesimamia kikundi cha ukoo au cha msikiti aseme wazi, kwa jina lake, kuwa picha za maiti haziingii humu, na atakayezileta ataombwa atoke. Wako watakaonuna. Wanune.

Limebaki neno kwa aliyekwisha kuumia, ambaye kitu alichokiona miezi mingi iliyopita kinamrudia akifumba macho, hali vizuri, hataki watu, au moyo unamwenda mbio bila sababu. Kisomo na dua vina mahali pake, na sikuambii uviache. Lakini usimzuie kwenda kwa daktari, wala usimwambie kuwa imani yake ndogo. Balkhi hakuona mgongano kati ya mawili hayo. Wala hakuona mgongano Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa Cairo mwaka 1284, ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, kwa mali ya wakfu. Watu wetu Unguja wakisikia Kidongo Chekundu, au Nairobi wakisikia Mathari, hushusha sauti kana kwamba pametajwa kaburi. Ni hospitali. Hospitali nyingi za mikoa na za kaunti nazo zina daktari au mwuguzi wa maradhi haya, na mtu huenda asubuhi akarudi kwake adhuhuri. Mpeleke, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.